Kimya cha Ghorofa ya Tatu

Nianze kwa kusema wazi: mimi yoga siipendi, na sikuipenda hata kabla sijaiona. Mtu mzima na akili zake analala chali kwenye kigodoro chembamba, miguu juu, makalio yanatazama dari, halafu anaambiwa hiyo ndiyo amani. Amani gani ya kukutoa jasho mpaka kwenye kope? Lakini dada yangu aliitaka, na dada yangu akitaka kitu, mimi hulalamika njia nzima huku nimembebea begi.

Dada yangu ni mkataji wa nguo. Usije ukamwita fundi cherehani, atakutazama mpaka uombe radhi. Fundi cherehani ni mimi. Yeye anakata, mimi nashona, na kati yetu kuna meza moja ndefu tuliyoizunguka miaka thelathini na miwili. Aliingia kwenye kazi hii akiwa na miaka kumi na saba, kwa mama mmoja aliyekuwa akishona sare za shule. Aliajiriwa kufagia vipande vya vitambaa. Siku moja mkataji akaugua, shule inafunguliwa Jumatatu, mama wa watu kashika kichwa. Dada akaweka fagio pembeni, akachukua mkasi, akakata kaptura arobaini bila kuharibu hata moja. Tangu siku hiyo fagio hakulishika tena, na ukimtembelea nyumbani kwake utaona kwamba sitii chumvi.

Wateja wanamwita Mkasi. Mtu akiingia mlangoni, dada anamtupia jicho mara moja, juu mpaka chini, tayari vipimo vyake anavyo. Tepu anaizungusha baadaye kwa heshima tu. Akichora kwa chaki, mstari umenyooka. Akishona kwa mkono, maana kola na vishikizo vya maana hamwachii yeyote, hata mimi, ule uzi unapita kama umepigiwa rula. Mimi nina mashine ya umeme na bado nilikuwa namwonea wivu.

Jambo jingine ulijue, kwa sababu bila hilo hutaelewa kilichotokea. Kazini tunashika pini mdomoni. Yeye sita, mimi nne. Huwezi kuongea na pini mdomoni, labda uwe umechoka na koo lako. Kwa hiyo miaka yote hiyo tumejifunza kuongea kwa nyusi. Unyusi mmoja juu: huyu kanenepa tangu mwezi uliopita. Zote mbili juu: anadanganya, nguo si ya wifi yake, ni yake mwenyewe. Pua ikikunjwa: kitambaa hiki kikifuliwa mara moja kwisha habari yake. Mteja amesimama katikati anageuzwa geuzwa, anatuona tumenyamaza, anadhani tuna adabu. Kumbe tumeshamsengenya mpaka ukoo wake wa tatu.

Shemeji yangu alifariki miaka minne iliyopita. Alilala mzima, dada alipoamka asubuhi amgeuze, mtu hayupo. Toka hapo dada hakulala tena kama watu wanavyolala. Alikuwa anajilaza, anafumba macho, anasikiliza. Presha alikuwa nayo tangu zamani, akimeza kidonge kimoja kila siku saa nne na chai. Presha tuliizoea. Kukosa usingizi ndiko kulikokuwa kunammaliza, na kunyamaza kwake juu ya jambo hilo ndiko kulikokuwa kunanimaliza mimi.

Basi tukawa na mteja mmoja, mama wa benki. Tulimwokoa kwenye harusi ya binti yake baada ya fundi mwingine kuharibu magauni ya wasindikizaji, na alikuwa hajui atushukuru vipi. Akaenda mji mkubwa wiki moja, akarudi amekonda, macho nusu yamefumba, anaongea polepole kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akasema amekuwa kwenye kituo cha yoga na utulivu wa roho, na kwamba ametulipia nafasi mbili.

"Nimesikia watu wanalala kule," dada akaniambia alipoondoka.

"Wanalala vipi?"

"Wanalala tu. Wanafundishwa kupumua."

"Dada, una miaka hamsini na nane. Muda wote huo umekuwa ukipumuliwa na nani?"

Akacheka mpaka akamwaga kopo la pini. Kisha akanitazama na macho yale mekundu, akasema, "Twende, wewe mtoto. Wiki moja tu. Nikilala usiku mmoja, nitashukuru." Mimi nina miaka hamsini na moja, lakini kwake bado ni wewe mtoto. Nikaenda kufunga begi.

Tukasafiri siku nzima. Kituo chenyewe tulikikuta ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti. Chini wanauza matairi, ghorofa ya pili kuna shule ya udereva, na uani nyuma kuna vijana wanachomelea mageti kuanzia asubuhi. Ndiyo mahali walipochagua kuleta utulivu wa roho. Dada alisimama kila ngazi inapokata kona, mkono kiunoni. Nikamuuliza kama hii ni sehemu ya mafunzo au tumeshaanza kudhulumiwa.

Juu kulikuwa na ukumbi wenye sakafu ya mbao, mapazia meupe yaliyokatwa vibaya, na mwalimu. Jina alilojipa lilikuwa refu, limetoka huko alikosomea. Mimi nilimwita Mwalimu Pumzi na hilo linatosha. Mrefu, mkavu, amevaa nyeupe tupu, nyayo zake laini kama hazijawahi kukanyaga mawe. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayembembeleza mtoto wa jirani huku mama yake anatazama. Mlangoni aliweka kikapu. Humo kila mtu anatumbukiza simu, saa, na kila kitu chenye kemikali, avichukue siku ya kuondoka.

Dada akafungua mkoba, akatoa vidonge vyake.

"Mwalimu, hizo ni dawa za presha," nikasema.

"Mwili una duka lake la dawa ndani, dada yangu," akanijibu, ametabasamu. "Tunaupa nafasi ulifungue."

"Ebo! La huyu lilifungwa miaka saba iliyopita, hata kufuli limeshika kutu."

Bwana mmoja wa bima aliyekuwa nyuma yetu akaangua kicheko. Dada hakucheka. Akanikata jicho. "Umekuja kunisindikiza au kunitia aibu mbele za watu?" Akavitumbukiza. Kikapu kilikuwa karibu na mguu wangu. Ningeinama tu, ningevitoa, ningevificha kwenye soksi. Sikuinama. Nilikasirika, nikasema moyoni mwache, kesho kichwa kimgonge, atakuja mwenyewe kuniomba nikamdaie. Hayo ndiyo mawazo niliyokuwa nayo, sitayapaka rangi.

Kesho yake asubuhi ikagongwa kengele, kimya kikaanza. Siku nne hakuna mtu kufungua mdomo, isipokuwa mwalimu. Yeye aliongea kwa niaba yetu sote, tena bila kuchoka. Vuta pumzi kutoka kwenye kitovu. Itume kwenye goti. Goti likipokea, lishukuru. Chini uani jamaa wanachomelea, cheche zinalia tss, tss, na sisi watu wazima kumi na wawili tumekaa tumekunja miguu tunashukuru magoti.

Wengine walipata taabu na kimya. Sisi je? Sisi tulikuwa nyumbani kabisa. Mwalimu akisema tujione kama mlima, mimi namtazama bwana wa bima na tumbo lake, nainua unyusi, dada mabega yanamtikisika. Kulikuwa na mke wa mkandarasi, kila asubuhi na suruali mpya iliyombana, akiinama mshono wa nyuma unaomba msaada. Nikikunja pua, dada anauma midomo machozi yanamtoka. Chakula kilikuwa majani na dengu zisizo na chumvi, maji ya uvuguvugu yenye limau. Nilishika tama mbele ya sahani nikajifanya nasali, dada nusura apaliwe. Nilimcheka kila mtu na kila kitu. Sijawahi kufanya kazi nzuri ya masimango maishani mwangu kama niliyoifanya kwenye ukumbi ule bila kutamka neno.

Ila niseme ukweli na ukweli uwe ukweli. Usiku wa kwanza dada alilala. Niliamka kumekucha nikamkuta bado amelala, mdomo wazi, anakoroma. Miaka minne sijaona kitu kile. Unadhani nilifurahi? Nilikaa kwenye kitanda changu nimenuna. Chai yangu, vichekesho vyangu, mikono yangu niliyomkanda shingo jioni ngapi, vyote havikufua dafu. Anatokea mtu wa nyayo laini anamwambia pumua, analala. Nikamchukia mwalimu zaidi, na mchana nikazidisha nyusi.

Siku ya tatu, wakati wa kula, kijiko kilimponyoka dada kikaanguka sakafuni. Akakiokota, kikamponyoka tena. Akanitazama. Mimi nikashika kijiko changu, nikakiacha kianguke kwa mbwembwe, macho nimeyafumba nusu kama mama wa benki, maana yake: tayari umeachilia vitu vya dunia. Bwana wa bima alitoa mlio puani. Dada akatazama sahani yake.

Alasiri hiyo tulipewa saa mbili za kukaa na nafsi zetu. Foronya za mito tuliyokalia zilikuwa zimefumuka pembeni, na dada hawezi kukaa juu ya mshono uliofumuka. Akamwomba mwalimu sindano na uzi kwa ishara, akaletewa, akaanza kushona. Mimi nililala nikahesabu vigae vya dari. Nilipogeuka nikaona ile foronya mapajani mwake.

Mshono ulikuwa umepinda.

Si kupinda kidogo. Ulianza vizuri, ukateremka, ukapanda, nyuzi nyingine ndefu nyingine fupi, kazi ya mtu anayeanza wiki ya kwanza. Mwanamke yule miaka thelathini na miwili sijawahi kumwona akishona hivyo, hata siku ya msiba, maana siku ya msiba alishona. Mtu yeyote mwingine duniani angeona foronya imeshonwa, basi. Mimi peke yangu mle ndani nilikuwa najua mkono ule unavyoshona. Mimi peke yangu ningeweza kuusoma ule uzi. Na nilifanya nini? Niliichukua foronya, nikaiinua juu kwa vidole viwili kama suruali ya mlevi, nikamwonyesha bwana wa bima, nikamwonyesha mke wa mkandarasi, nyusi zangu ziko kwenye paji la uso. Mkasi mzima! Yoga imemlegeza mpaka sindano! Wakacheka kimya kimya, hawajui hata wanacheka nini.

Dada akainyang'anya kwa mkono wa kushoto. Akafumua. Kesho yake nilimwona ameishona upya, imepinda vilevile. Aliponiona namtazama, akaikunja akaikalia.

Siku ya tano asubuhi tukaambiwa tusimame kwa mguu mmoja. Wa kushoto juu, wa kulia uwe mzizi. Mzizi wa dada ulidumu kiasi cha kupepesa jicho. Akaenda chini upande upande bila kujikinga, shavu likagonga ubao. Nikasikia ule mlio.

"Msimguse," mwalimu akasema kwa sauti yake ileile. "Anaachilia. Tumzunguke, tumpumulie."

Wakamzunguka! Watu wenye elimu zao, mmoja kazi yake ni kuwauliza watu habari za afya zao kabla hawajakata bima, wakapiga magoti wakaanza kuvuta na kutoa. Nikampindua mtu mmoja, sijui nani, nikafika. Uso wa dada upande mmoja ulikuwa umeshuka. Nikafungua mdomo wangu uliofungwa siku nne, na kilichotoka nadhani hata shule ya udereva walisimamisha somo. Nilimtukana mwalimu, nikamtukana mwalimu wake, nikatukana kikapu. Yeye akasimama ananitazama kwa huruma, mikono ameikutanisha kifuani. Ningependa kukuambia alikuwa tapeli. Tapeli ningemwelewa, angeogopa, angekimbia kuita gari. Huyu aliamini. Aliamini kwa dhati kwamba dada yangu sakafuni pale alikuwa anapona.

Waliomshusha ni wale vijana wa mageti, wanne, bado wamevaa miwani yao myeusi juu ya vichwa. Muuza matairi akamwaga matairi chini, akatuweka nyuma ya pikapu yake. Bwana wa bima alitukimbilia na kikapu, miguu peku, ananiambia samahani mama, samahani. Nikampokonya kikapu.

Hospitali walisema kiharusi. Daktari alikuwa binti mdogo, anaandika huku ananiuliza: dawa aliacha lini? Mkono ulianza kulegea lini? Vitu vilikuwa vinamwanguka? Nikamwambia leo, ameanguka leo. Akatikisa kichwa. "Hii haikuanza leo. Kulikuwa na dalili ndogo ndogo tangu juzi. Mngekuja juzi, tungekuwa tunaongea habari nyingine." Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Siku nne dada hakuweza kuongea. Mimi niliongea kwa ajili yetu wote wawili. Nilikaa kwenye benchi la korido nikamsimulia kila aliyepita: muuguzi, mfagiaji, mke wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Nikawaigiza sauti ya mwalimu. Nikawaonyesha jinsi alivyokutanisha mikono. Mtu ananyamazishwa siku nne, nilikuwa nawaambia, mpaka anapooza hajui aseme vipi! Dunia imeharibika, watu wanauziwa kimya! Watu walitikisa vichwa, wakasema pole, wakasema matapeli wamezidi. Mama wa benki alipiga simu analia, nikampasulia na yeye yake. Nilikuwa vizuri sana. Nilikaribia hata kufurahi.

Siku ya tano maneno yakaanza kumrudia, moja moja, kwa taabu. Nilikuwa namlisha uji. Nilikuwa nazungumza, bila shaka, nikimweleza mambo nitakayomfanyia mwalimu siku nitakayorudi kwenye ghorofa ile.

"Mwache," dada akasema.

"Nimwache? Amekunyang'anya dawa, amekufunga mdomo..."

"Dawa nilitoa mimi." Akapumzika. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa unafanya kazi ya pande zote mbili. "Na mdomo... mimi na wewe... lini tumehitaji mdomo?"

Nikaweka bakuli chini. "Basi mbona hukuniambia? Ungeniangalia tu, dada. Ungeniangalia, ningejua."

"Nilikuangalia." Akainua mkono wa kushoto, akatoa vidole vitatu. "Kijiko. Foronya. Na kesho yake, foronya tena." Akavishusha. "Kila nikikuangalia, ulikuwa unacheka."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata pa kushikia. Alisema kama anamtajia mteja vipimo, akafumba macho, akalala. Mimi nikabaki na bakuli la uji ambalo lilikuwa linapoa.

Mwaka umepita. Mguu umerudi, anatembea na fimbo. Mkono wa kulia hautashika tena mkasi, hilo wamelisema madaktari watatu na tumeacha kuuliza. Duka hatukufunga. Siku hizi nakata mimi. Dada anakaa kwenye stuli upande wa pili wa meza, ananionyesha kwa kidole cha kushoto wapi nipite. Nakata vibaya. Juzi nimeharibu kola ya sare ya wauguzi mara mbili, wateja wawili wamehama, na chaki yangu inaenda inakotaka yenyewe. Nikimaliza namtazama, kila mara, siwezi kujizuia. Anaukagua ule mkato, anakisogeza kitambaa karibu, ananiambia jaribu tena. Hajanicheka hata siku moja.